Niliinua Mota Kama Ninavyoinua Mashua

Mimi naitwa Abdala Momade, wa hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, na nimeombwa nieleze habari za mguu wangu wa kushoto ili wenye mota za matairi matatu wasikie. Nitaeleza yote, hata ya aibu. Aibu yangu niliimaliza wodini, siku nilipopanguswa na wauguzi mimi mtu mzima mwenye wajukuu.

Zamani nilikuwa fundi wa mashua. Miaka mingi nimeziba nyufa za mashua kwa pamba na mafuta, na sikujua kunyamaza kuhusu ufundi wangu. Kisha gesi ikagunduliwa huko baharini. Palma ikajaa wageni, kila mwenye kiwanja akajenga vyumba vya kupangisha, na saruji ikawa inagombewa. Nikanunua mota, ile pikipiki ya magurudumu matatu yenye bodi ya mizigo nyuma, nikawa nabeba saruji na madumu ya maji. Kuiendesha nilikubali kufundishwa. Kuitengeneza sikutaka mtu anifundishe. Mtu anayeinua mashua nzima atashindwa na pikipiki?

Asubuhi moja gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, likawa linalia. Beringi imekwisha. Mke wangu Zaituna akaniambia, "Baba Amina, mpelekee fundi wa mota."

"Fundi ni mimi," nikamjibu.

Sasa sikilizeni kosa langu. Mashua tukiitoa majini, tunaiinua kwa boriti na kuilaza juu ya magogo ya mnazi. Mkuku wake, ule mti wa chini, unakaa, mchanga unaushika, kazi inaendelea. Na mashua tupu ikiwa majini huyumba, kwa hiyo tunaitia farumi, yaani mawe ya kuipa uzito itulie. Hayo ndiyo niliyoyajua, na hayo ndiyo niliyoyafanya. Niliita majirani wawili, tukainua nyuma ya mota kwa boriti, nikasukuma magogo mawili ya mnazi chini ya ekseli. Kwenye bodi kulikuwa na mifuko minne ya saruji. Jirani mmoja akauliza kama tuishushe. Nikasema iache, hiyo ndiyo farumi. Gurudumu la mbele sikulizuia kwa kitu. Gia sikuiweka.

Mashua haina magurudumu. Jambo hilo kila mtu analijua, lakini mimi nililielewa nikiwa chini.

Majirani waliondoka. Nikakaa mchangani, mguu wa kushoto nimeunyoosha chini ya bodi, nikaanza kugonga beringi kwa nyundo. Kila nikigonga, mota inasogea mbele kidogo. Niliona, nikapuuza. Pigo la saba au la nane, magogo yakabingirika, na chuma chote pamoja na saruji kikashuka juu ya muundi wangu.

Nilisikia mfupa kabla ya kusikia maumivu. Ulikatika mara mbili. Kipande kilitoboa ngozi kikatokeza nje, cheupe, na damu ikawa inanywewa na mchanga. Nilijikojolea. Nilipiga ukelele ambao majirani wananiigiza mpaka leo, na wanaiga vizuri.

Walirudi mbio, wakainyanyua mota, wakanivuta. Baba mkwe wangu, Mzee Bakari, akaagiza aitwe mfungaji wa mifupa aje na vijiti vyake. Ni mtu hodari yule mfungaji, amefunga mikono ya nusu ya mji. Zaituna akasimama katikati. "Baba, samahani," akasema. "Mfupa ukiwa ndani, mwiteni. Huu uko nje, unatutazama." Akakifunika kidonda kwa kanga safi, akasimamisha gari lililoleta saruji na lililokuwa linarudi tupu Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, akanipakia. Sikuwahi kumwona akimkatalia baba yake kabla ya siku ile. Maisha yangu yaliokolewa hapo, nami nilikuwa nalalamika kwamba ananivuta vibaya.

Barabara ile mnaijua. Kila shimo nililihesabu kwa meno.

Pemba waliniosha, wakanitia usingizini, nikaamka nina vyuma vinne vilivyopenya mfupa, vimeunganishwa kwa nje na fimbo ya chuma. Nikadhani nimepona. Siku ya tatu homa ikapanda mpaka kitanda kikatetemeka. Kidonda kikatoa usaha wa kijani, na harufu ikawa mbaya hata mgonjwa wa kitanda jirani akageukia ukutani. Vidole vya mguu vikawa baridi, rangi ya zambarau. Nikivigusa ni kama nagusa mguu wa mtu mwingine.

Daktari alikuwa wa Nampula, akisema Kireno. Celeste, muuguzi wa Kimakonde kutoka Mueda, ndiye aliyenitafsiria.

"Papá, doutor anasema tutaosha tena na kubadilisha dawa. Tunangoja siku mbili. Vidole visipopata uhai, tutakata hapa, chini ya goti."

"Mwambie anikate kichwa kwanza," nikasema.

Zaituna, aliyekuwa amekaa sakafuni kando ya kitanda, akadakia, "Kichwa chako ndicho kilichotuleta hapa." Celeste akacheka, kisha akamtafsiria daktari, naye akacheka. Mimi nilijifunika shuka nikalia. Niliogopa sana. Nilijiona nimekaa barazani maisha yote, nangoja kuletewa maji.

Kila asubuhi Celeste alinichoma vidole kwa ncha ya sindano. Siku ya kwanza, hakuna kitu. Siku ya pili akaanza na kidole gumba. Hakuna. Cha pili, hakuna. Cha tatu, cha nne, hakuna. Zaituna alikuwa ameshika tasbihi lakini haivuti. Celeste akafika kidole kidogo, akachoma, na mimi nikamtolea tusi ambalo sitaliandika hapa.

Celeste akapiga vigelegele! Wodi nzima ikageuka. Daktari akaja mbio. "Outra vez," akasema, yaani tena. Celeste akachoma tena, nikatukana tena, safari hii kwa furaha, na Zaituna akaniomba nizidishe. Alasiri vidole viwili vilikuwa na joto. Kesho yake vitatu. Daktari akanishika bega, akasema kwa Kiswahili chake kibovu, "Mguu yako kaa."

Kupona si lelemama. Vyuma vilikaa miezi. Vilinyevua, vikatoka maji, vikaoshwa kila siku kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa. Paja likakonda likawa kama mkono. Nilipoanza magongo nilianguka mara mbili msalani, na mara zote mbili nikaitwa fundi. Mguu wa kushoto sasa ni mfupi kidogo. Nachechemea, lakini nachechemea mbele.

Nilipotupa magongo, mota ilikuwa bado uani, beringi bado imekufa. Nilidhani Zaituna atasema tuiuze. Akasema, "Utaitengeneza. Lakini atakuja fundi wa mota akuoneshe, na mimi nitakuwepo."

Fundi ni Nelson, umri wa mwanangu wa mwisho. Nilimwamkia kwa unyenyekevu, nikanyamaza, nikafundishwa. Nawapa kama alivyonipa. Bodi iwe tupu kabisa. Farumi ni ya baharini. Mota isimame pagumu na tambarare. Mchangani, tandika kwanza ubao mpana na mnene. Weka gia. Gurudumu la mbele lizuiwe kwa kabari mbele na nyuma. Inua kwa jeki, hiyo tunayoiita macaco, chini ya ekseli. Na jeki kazi yake ni kuinua tu, usiiamini ishikilie. Weka stendi za chuma pande zote mbili, au vipande vya mbao pana vilivyopangwa, kamwe si gogo la mviringo wala jiwe la matumbawe linalomeguka. Shusha uzito juu yake. Kisha itikise mota kwa nguvu zako zote. Kama itaanguka, ianguke wewe ukiwa umesimama.

Niliitikisa. Haikujibu. Nikaketi, nikaunyoosha mguu ule ule, nikashika nyundo. Zaituna alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, macho kwenye stendi, mpaka nilipoitoa beringi ya zamani na kuingiza mpya. Nilipoinuka aliuliza, "Umemaliza?" Nikasema nimemaliza. Akaingia ndani haraka, na nilimsikia akilia jikoni.

Namshukuru Mungu, kisha mke wangu, kisha Celeste na daktari wake, na Nelson asiyenicheka. Wewe uliyelazwa na kuambiwa mguu utakatwa, kubali kuoshwa, kubali kuchomwa, na mwite anayekupenda akae karibu hata kama anakusema.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda msikitini nikiendesha mwenyewe. Tangu nirudi kutoka Pemba nilikuwa nikiswali juu ya kiti, na vijana walikuwa wameshaniwekea kiti hicho pembeni. Nikakichukua, nikakirudisha ukutani, nikaenda kusimama kwenye safu.