Siku Niliyokwenda Kumdhamini Salima

Mwaka wenyewe ni ule tuliokula ming'oko, ile mizizi ya kuchimba porini, ming'oko asubuhi, ming'oko mchana, na jioni tukala ming'oko iliyobaki mchana, mahindi yalikauka yakinifika kiunoni na mbaazi zikachelewa mpaka tukazisahau, na kama uliishi Nachingwea au Ruangwa mwaka huo basi unaujua, huhitaji nikutajie tarehe. Ndio mwaka nilioaibika. Nasema mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine, maana wengine wanaongeza, kuna mmoja pale sokoni anasema nilitoka nyumbani nimevaa kiatu mguu mmoja. Mwongo. Nilivaa kandambili zangu zote mbili.

Mjukuu wangu Salima ni injinia. Nimemlea mimi tangu mama yake, binti yangu wa kwanza, alipofariki akimwacha hajaanza hata kutambaa. Amesoma umeme wa upepo, yale mapanga makubwa yanayozunguka juu ya mlingoti na kutoa umeme, amesoma hapa kwetu kisha akapelekwa Uingereza kwa sababu ya akili yake, si kwa sababu ya mjomba wala shangazi, kwa akili yake. Mimi niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza. Basi nilitamba. Nilitamba kisimani, nilitamba kwenye mnada wa korosho, nilitamba hata msibani, mtu analia mimi namwambia nyamaza mwenzangu, dunia ndivyo ilivyo, Salima wangu naye jana kanipigia kutoka Uingereza.

Nilichokuwa sikisemi ni kwamba nina hamu naye mpaka mifupa inauma. Alininunulia simu ya kupangusa, akanifundisha mambo mawili tu: kusikiliza sauti anayonitumia, na kubonyeza picha yake kisha kubonyeza kamera ili tuonane. Kila Jumapili aliniomba jambo moja. "Bibi, weka simu karibu na kinu, nisikie unatwanga." Naweka, natwanga. Mwaka ule wa ming'oko sikuwa na cha kutwanga, nikawa natwanga kinu kitupu, yeye kule kwenye baridi akawa anasikiliza, ananiambia, "Hapo sawa, Bibi, sasa nimefika nyumbani."

Sasa siku moja, siku ya Jumatatu, ikaja sauti yake. Kumbe alikuwa anatembea barabarani, mimi nasikia tu upepo unavuma kwenye simu, maneno mengine yanameza mengine. Nikasikiliza mara tatu. Nilichosikia ni hiki: "Bibi, shikamoo. Niombee dua, Bibi. Muda walionipa umebaki miezi saba tu, na mpaka sasa sijapata mdhamini." Upepo. "Nisipopata mdhamini, wananiondoa." Upepo tena. "Kesho saa nane mchana za huko nyumbani nahojiwa, ni mara ya pili wananihoji hawa, wakinikubali ndio nimepona."

Niambieni ninyi, mngeelewaje?

Mimi mdhamini namjua. Mbuzi wa kaka yangu Hassani waliwahi kuingia kwenye ufuta wa mtu kule Nambilanje, maneno yakawa mengi, mikono ikainuka, Hassani akawekwa ndani. Tukaambiwa leteni mdhamini, mwenye barua ya mtendaji, mwenye picha ndogo mbili, mwenye mali isiyohamishika. Mdhamini nilikuwa mimi. Nilikwenda na mikorosho yangu kwenye karatasi, wakanihoji, wakamhoji, tukarudi naye nyumbani. Kwa hiyo mtu anayehojiwa mara ya pili, amepewa miezi, na hana mdhamini, huyo mtu yuko wapi? Yuko ndani! Mjukuu wangu yuko ndani, nchi ya watu, na baridi lile, hana hata wa kumpelekea khanga.

Kosa langu halikuwa kutoelewa. Kosa langu lilikuwa pale mlangoni kwa Mwalimu Neema. Mwalimu Neema ni jirani yangu, mtu wa Mbeya, amepangiwa shule yetu hapa Nambambo, na yeye ndiye aliyezoea kunifafanulia maneno ya Salima yakiwa magumu. Nilipita kwake na simu mkononi. Alikuwa barazani anasahihisha madaftari. Akaniuliza, "Bibi Fatu, Salima hajambo?"

Nikasema, "Hajambo, anakusalimia," nikapita.

Basi. Ni hapo. Ningekaa kwenye ngazi yake dakika mbili, mkasa huu msingeusikia. Lakini nilikuwa nimemtambia yeye kuliko wote, ningeanzaje kumwambia injinia wangu yuko ndani?

Nikaenda moja kwa moja kwa mtendaji wa kijiji kuomba barua ya udhamini. Kumbe wiki hiyo wanagawa salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, foleni imetoka mlangoni mpaka barabarani, kila mtu ana mfuko wake. Nikamwinamia mtendaji sikioni, nikamnong'oneza. Yule mtendaji ni kijana mzuri, mwenye adabu, lakini amezoea mikutano, kunong'ona hawezi.

"Barua ya kumdhamini nani, Bibi? Salima? Salima yuko ndani?"

Foleni nzima ikageuka. Mlangoni walisema yuko ndani, katikati ya foleni wakasema amefungwa, na habari ilipofika mwisho kule barabarani alikuwa amekamatwa na madawa ya kulevya. Ningeweza kukanusha. Badala yake nikasimama juu ya kiti cha mtendaji (ndiyo, juu ya kiti, na umri huu) nikapaza sauti, "Ameonewa! Mjukuu wangu ameonewa!"

Mtendaji akaandika barua. Akauliza, "Kituo gani, Bibi?" Nikamjibu, "Cha Uingereza." Akakaa na kalamu kidogo, akaandika, Kwa Mkuu wa Kituo, Uingereza, akagonga mhuri.

Habari zikamfikia kaka yangu Hassani usiku ule ule, na kesho yake asubuhi alishafika kutoka Nambilanje kwa bodaboda, kanzu nyeupe imekuwa nyekundu kwa vumbi, koti juu, na hati ya shamba lake ameikunja ndani ya mfuko wa nailoni kifuani. Hata hakunisalimia vizuri. "Dada, mimi ulinitoa. Leo namtoa mtoto." Nikalia. Mpaka leo nikikumbuka hapo silii kwa aibu, nalia kwa sababu nyingine.

Saa saba uwanja wangu umejaa. Mikeka imetandikwa, shehe ameshasoma dua, wanawake wanakuja kama wanakuja msibani, na kila mmoja ana sahani ya ming'oko maana angeleta nini kingine. Bi Mwanaisha, ambaye tangu usichana wetu tunagombana na hatuachani, alikuja na mbili. "Kula, Fatu," akaniambia. "Kuna watu watakuuliza maswali kwa Kiingereza, huwezi kujibu na njaa."

Saa nane kamili nikabonyeza picha ya Salima, nikabonyeza kamera. Hakupokea. Nikabonyeza tena. Hakupokea. Hassani akasema, "Wamemnyang'anya simu hao." Nikabonyeza mara ya tatu, ya nne, ya tano, ya sita nikamwona.

Amekaa peke yake. Ukuta nyuma yake mweupe, hauna hata kalenda. Amevaa koti jeusi, nywele amezibana, macho yamemtoka.

"Bibi! Nani amekufa?"

"Hajafa mtu! Wamekupiga?"

"Nani anipige? Bibi, niko mbele ya watu, wananihoji sasa hivi, nimewaomba dakika moja tu nikidhani kuna msiba..."

"Wako wapi? Wako hapo? Geuza simu wanione!"

"Bibi, tafadhali..."

Sikumsikiliza. Nilisikia sauti ya mzungu mwanamke inatoka mahali, pembeni, kwenye kompyuta kumbe, nikaielekea sauti ile kwa nguvu zangu zote. "Nyie wazungu! Mimi Fatu wa Nambambo! Mimi ndiye mdhamini wake! Mtoto huyu nimemlea mwenyewe, hajaiba hata yai! Ana mdhamini, mumwachie!" Hassani akanisukuma, akaibandika hati ya shamba kwenye kioo cha simu, huku anapiga kelele kwa Kimwera maana Kiswahili kilishamwishia. Nyuma yetu uwanja mzima ukaitikia, "Mumwachie! Mumwachie!" kama timu imefunga bao.

Mkono ukaja ukaichukua simu. Ulikuwa wa Mwalimu Neema, ametoka shuleni mbio kwa kelele zetu, chaki bado vidoleni. Akamtazama Salima, Salima akamwambia maneno mawili matatu, akakata. Mwalimu akanigeukia polepole sana.

"Bibi Fatu. Wale si polisi. Ule ni usaili. Salima anaomba kazi."

"Na mdhamini?"

"Mdhamini ni kampuni. Mgeni akitaka kufanya kazi kule, lazima kampuni ikubali kumdhamini kwa serikali yao ndipo apewe kibali. Ndiyo hao alikuwa anaongea nao."

Kisha Bi Mwanaisha, akikusanya sahani zake: "Kwa hiyo, Fatu, umetutoa kwenye salfa ya watu tuje kumharibia mtoto kazi?"

Hakuna aliyecheka hapo. Walianza kucheka walipofika njiani, nikawasikia.

Salima alinipigia siku iliyofuata. Nilidhani atanikaripia, akaanza yeye kucheka, akacheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, kwa simu huwezi kujua. Akasema yule mama wa kizungu, mkubwa wao, alimwomba amtafsirie, na alipotafsiriwa akasema hajawahi kuona mwombaji wa kazi anayekuja na mdhamini wake mwenyewe. Siku chache baadaye wakamwandikia. Walisifu kichwa chake. Lakini mwaka huo, wakasema, hawadhamini wageni.

"Si wewe, Bibi. Hata usingepiga, jibu lingekuwa hilo hilo."

"Unaniambia kweli?"

"Kila fomu ina swali moja, Bibi, linauliza, je, utahitaji kudhaminiwa? Nikiweka alama kwenye ndiyo, hawajibu. Maswali yote mengine nayaweza. Hilo moja ndilo linalonirudisha nyuma." Akaongeza, "Na huko nyumbani pia nimeomba. Huko hawana hilo swali. Ila nao hawajajibu."

Mpaka leo sijui kama ananificha. Ninajua tu kwamba alipokuwa mbele ya watu waliokuwa na uwezo wa kusema ndiyo, mimi ndiye niliyempigia simu mara sita. Wengine wanacheka, bodaboda wa hapa wananiita Mdhamini, "Shikamoo Mdhamini!", nami naitika marahaba kwa sauti, nifanyeje. Lakini nikiwa peke yangu naliona lile koti jeusi. Alilinunua kwa ajili ya siku ile, alikuja kuniambia baadaye. Mtu ananunua koti, anabana nywele, anakaa mbele ya ukuta mweupe, halafu bibi yake anamfuata na kijiji.

Siku hizo nikaapa. Sikuapa kwa msahafu, niliapa kwa mdomo wangu wenyewe ulionitia aibuni: jambo la Salima la huko aliko, nisilolijua mwanzo wake wala mwisho wake, sitalisemea. Nitamwombea dua na nitanyamaza. Nilidhani hicho ni kiapo chepesi.

Wiki iliyopita akapiga, mchana, jua kali. Nilimwona amekonda, mifupa ya mashavu inafanana na ya marehemu mama yake kiasi cha kunitisha. Hakuniomba kinu. Akasema miezi imeisha, sasa zimebaki siku. Amebakiza kampuni moja ya mwisho, ya mapanga ya upepo ya baharini, wamemwambia asubiri, na kusubiri kwenyewe kumemchosha. Ameshaangalia nauli ya ndege ya kurudi.

"Bibi, niambie nirudi. Neno lako moja tu. Ukisema rudi, nafunga begi leo."

Sikilizeni. Mtoto huyu nina miaka minne sijamgusa. Kitanda chake nakitandika kila Ijumaa na hakuna anayekilalia. Neno lile lilikuwa limeshafika kwenye meno, nililionja, lilikuwa tamu. Angekuja, wallahi angekuja, angeshukia Nachingwea stendi na begi lake na mimi ningekuwa nimesimama pale tangu alfajiri. Na kampuni ile ya mwisho ingekuja kumjibu wakati yuko hapa ananichotea maji, akasoma, akaifunga simu, asiniambie. Angenificha, kama labda alivyonificha lile la kwanza. Namjua, nimemlea.

Nikasema, "Sikwambii urudi."

"Kwa nini, Bibi? Hunitaki?"

Nikageuza uso nitazame mlangoni ili asiuone. Nje Hassani, aliyekuja kunisalimia, alikuwa anajifanya hasikii.

"Bibi? Umenisikia? Nimesema ukitaka nirudi, narudi. Sema tu."

"Sikwambii urudi."