Mkesha wa Bibi Ottavia

Felicitas Manalo alikuwa ameishi Italia miaka mingi, na ya mwisho aliimaliza akimtunza Bibi Ottavia, mjane wa kijiji kimoja juu ya Cuneo, ambako theluji ikizidi basi halipandi. Kwao ni Mabini, Ufilipino, mji ambao karibu kila nyumba nzuri imejengwa na mama asiyelala ndani yake.

Bibi alikuwa na ulimi. "Feli, wali wako huu unafaa kubandikia karatasi ukutani," alikuwa akisema, kisha anakula mpaka sahani inang'aa.

"Na jibini lako, Bibi, linanuka soksi za marehemu mumeo."

"Mwache mume wangu alale. Niongeze wali."

Mwaka ule Feli aliomba ruhusa ya Krismasi. Renzo, mwana pekee wa Bibi, aliahidi kuja siku ya mkesha amchukue mama yake kwenda Torino, na Feli ateremke nao akasali misa na Wafilipino wenzake. Akakunja gauni lake jekundu begini. Asubuhi ya mkesha Renzo akapiga simu: theluji, watoto, wakwe. Atakuja kesho.

Feli alipompa Bibi habari, mzee aligeuza uso kuelekea dirishani. "Tangu tumboni huyo alikuwa mzito kutoka," akasema. "Basi, fungua begi lako. Tutakula wali wako mbaya."

Wali haukuliwa. Alasiri, Feli alipoleta sahani, alimkuta kwenye kiti chake kando ya jiko la kuni, kidevu kimeangukia kifuani, miwani mapajani. Akamwita. Akampapasa shingoni. Akamwita tena, safari hii kwa Kitagalogi, lugha ya kwao ambayo Bibi hakujua hata neno lake.

Renzo alipopokea simu, nyuma yake bilauri zilikuwa zikigongana na watoto wakipiga kelele. Feli akamwambia. Mlango ukasikika ukifungwa, kelele zikapungua.

"Umempigia daktari?"

"Nimekupigia wewe kwanza."

"Vizuri. Sikiliza, Feli. Usimpigie mtu. Meza imeshaandaliwa, watoto wanangoja zawadi. Nitakuja kesho jioni. Mama hana tena pa kwenda."

"Bwana Renzo, ni mama yako huyu."

"Ndiyo maana nakuomba."

Feli alimbeba mwenyewe hadi kitandani. Bibi alikuwa amekonda hata hakumlemea. Akamwosha, akamvisha gauni la bluu la kanisani, akamfunga kidevu kwa kitambaa. Akazima joto la chumba, akawasha mshumaa. Kwao maiti haachwi peke yake, basi akavuta kiti.

Jioni simu ikaita. Huko Mabini saa sita ya usiku ilikuwa imegonga, fataki zinalia, meza imejaa. Feli alikimbilia jikoni, akasimama na ukuta mtupu nyuma yake. Mume wake Danilo, binti yake Jovelyn na mwanawe mdogo Arvin walikuwa wamebanana kwenye kioo cha simu.

"Mama, mbona hukuvaa jekundu?" Jovelyn akauliza.

"Baridi huku, mwanangu."

"Mpe Bibi simu tumsalimie!"

"Amelala."

"Saa hizi? Mwamshe bwana, Krismasi hii!"

"Mwacheni apumzike."

Danilo alisogeza uso. "Feli, macho yako yana nini?"

"Vitunguu."

Wakamcheka. Arvin akamwonyesha sahani ya nyama waliyomwekea kana kwamba angeingia muda wowote. Feli alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Walipokata simu alirudi kwenye kiti chake chumbani, akajifunika koti, akakesha.

Renzo alifika kesho yake jioni na daktari. Daktari akaugusa mkono wa Bibi, ulikuwa mgumu kama ukuni.

"Amefariki lini?"

"Leo asubuhi," Renzo akasema.

"Jana alasiri," Feli akasema.

Daktari aliwatazama wote wawili, akaandika, asiulize tena. Alipoondoka, Renzo alisimama mlangoni mwa jikoni, macho yake sakafuni. "Nyumba nitaiuza. Akishazikwa mama, tafuta pa kwenda." Hata la asante halikumtoka.

Siku ya mazishi Feli alikaa benchi la nyuma kanisani. Kutoka hapo alikwenda kituoni na begi lake, na akiwa anangoja basi alimpigia Jovelyn, akamweleza yote.

Binti akauliza: "Ina maana tulipokuwa tunacheka, yeye alikuwa chumba cha pili?"

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa peke yako?"

"Nani mwingine angekaa?"

Jovelyn alikuwa akilia sasa. "Mama, zile karatasi zangu za kuja huko. Usizihangaikie tena. Siji."

Feli alikuwa amezihangaikia karatasi hizo miaka miwili, akisimama foleni kila siku aliyopewa ya mapumziko. Alifungua mdomo ambishie. Halafu akaona taa za basi zinapanda kona, akainama kuchukua begi.

"Haya, mwanangu," akasema. "Usije."