Mjomba alitaka kipimo changu cha damu kimfukuze dada yangu Newala, nikagoma

Wakuu, salaam kwenu. Anayetafuta chai akachemshe kwake. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, na nayaandika hasira zikiwa bado mbichi.

Mimi ni mtu wa maabara, kituo changu Masasi. Niko kwenye mradi wa kutengeneza kipimo cha damu cha kirusi cha mafua makali, yale yanayoshuka kifuani. Kipimo hakitafuti kirusi chenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani wale askari ambao mwili unawatengeneza ukipambana nacho.

Tunachukua damu ya waliougua na ya wasiougua, tuone kama kipimo kitawatofautisha. Bado kinakosea. Kuna siku kinamwita mgonjwa mtu ambaye hajapiga hata chafya. Ndiyo maana haturuhusiwi kumpa mtu majibu yake.

Sasa, nyumbani kwetu ni Newala. Msimu wa kupulizia mikorosho salfa, ile dawa ya unga, kule kila mtu anakohoa. Macho mekundu, salfa. Kifua kinabana, salfa. Homa ya kukulaza mkekani, nayo salfa! Hakuna anayekwenda hospitali kwa ajili ya salfa.

Msimu huu bibi yetu alikohoa, akafariki. Dada yangu Somoe, yaani Mama Shabani, aliyeachika, alikuwa amerudi kuishi naye na wanawe, na alifika akiwa na mafua.

Baada ya arobaini mjomba akaita kikao. Kwetu mjomba ndiye mwenye ukoo. Akisema toka, unatoka.

Nikaingia, shikamoo, marahaba, nikakaa. Akasema mbele ya wote:

"Mwanangu, tumesikia una kipimo cha damu. Mpime Mama Shabani. Kikionyesha aliugua, basi ndiye aliyemletea mama yetu maradhi, na nyumba aiache."

Mjomba alimpenda sana mama yake, hilo silikatai. Lakini Somoe alikuwa ameinama tu, na wanawe wako nje wanacheza. Hana pengine pa kwenda. Damu ikanichemka.

Wakuu, kwetu mpwa wa kike hambishii mjomba kikaoni. Nilimbishia.

Nikamwambia kipimo kinasema tu kwamba mwili uliwahi kukutana na kirusi. Hakisemi ulikitoa wapi, wala ulimpa nani. Tena hakijakamilika. Sitakitumia kumtoa mtu ndani ya nyumba.

"Unamficha dada yako."

Nikasema haya, tupimwe wote tuliokuwa tunaingia kwa bibi. Waliompelekea uji, waliokaa naye barazani. Na tuanze na wewe mjomba, maana ulikohoa kabla Somoe hajafika.

"Yangu ilikuwa salfa!"

"Basi kunja shati, mjomba, damu ituambie."

Sindano sikuwa nayo, na hata ningekuwa nayo nisingempima mtu. Ila wao hawakulijua hilo. Mama mdogo akaingiza mikono yote miwili ndani ya khanga. Binamu zangu, ambao dakika chache kabla walikuwa wanaitikia kila neno la mjomba, wakaanza kutazama paa. Hakuna aliyetoa mkono.

Mjomba akasema kikao kimekwisha, akavaa kofia, akaondoka.

Nilichojifunza ni kwamba watu wengine hawakitaki kipimo kiwajulishe kitu. Hukumu wanayo tayari, wanatafuta cha kuipigia muhuri. Kipimo tutakimaliza, Mungu akipenda, na kitakuwa cha kumjua mgonjwa asaidiwe mapema. Anayetaka cha kufukuzia watu atengeneze chake.

Mjomba haitikii tena shikamoo yangu. Naendelea kumpa, ni mjomba wangu. Msamaha siombi.

Haya, uwanja ni wenu wakuu. Mliowahi kumbishia mjomba leteni visa vyenu, na wa kuniita mtovu wa adabu niiteni, nimeshazoea. Somoe bado analala nyumbani kwa bibi.