Niliapa Kuwa Ndani Mna Kitabu Peke Yake

Niliapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba ndani ya kifurushi kile mna kitabu peke yake.

Nilikifunga kwa mikono yangu. Nilikuwa na udhu. Sikuwa na shaka hata chembe.

Kumbe nilikuwa nimeapia jambo lisilo kweli. Na kwa sababu ya kiapo changu, mzee mmoja kule Ujiji alikata roho akisubiri.

Naitwa Adija, wa Bagamoyo. Shule niliiachia darasa la nne, nikairudia ukubwani, masomo ya jioni. Mchana nauza vitabu vikuukuu mtandaoni. Napiga picha, naweka kwenye kundi la simu, anayetaka ananitafuta.

Naishi na mama yangu, Bi Swaumu. Yeye anapika vitumbua barazani. Herufi za shule hazijui, lakini mkono wake mtaa mzima unaujua. Ukinunua vitumbua kwake lazima akuongeze kimoja.

"Kitu kisicho na nyongeza hakina baraka." Ndivyo alivyolelewa, ndivyo alivyotulea.

Sasa, wauzaji wenzangu mnajua, gharama ya kutuma mzigo ndiyo inayoua biashara.

Kuna posta moja binafsi, jina nalihifadhi, ilibandika tangazo refu ukutani kuhusu vitu vinavyopata punguzo. Nilisimama pale nikalisoma lote, midomo ikicheza. Sijawahi kujivunia shule kama siku ile.

Vitabu vilivyochapwa, punguzo. Magazeti na majarida, punguzo. Maandishi ya wasioona, bure kabisa. Daftari tupu, hapana. Kalenda ya matangazo, hapana.

Na chini kabisa: ukiweka kitu kingine chochote pamoja na kitabu, hata kiwe kidogo vipi, mzigo wote unalipiwa bei ya kawaida.

Jioni niliwaeleza wenzangu darasani. Mbaruku, anayeleta samaki wakavu kutoka Saadani, akanyoosha mkono.

"Dada Adija, nikimfunga ng'onda kwa gazeti, si chapisho hilo?"

"Litakuwa chapisho linalonuka," mwalimu akamjibu.

Darasa zima likaangua kicheko.

Basi, darasa zima nikalisomea. Nyumbani sikumsomea mtu.

Haukupita muda nikaweka picha ya msahafu mkongwe, chapa ya Bombay, nilioupata kwenye vitabu vya nyumba iliyokuwa ikihamwa. Jalada lake lilikuwa limeungua pembeni, alama ya kaa la chetezo.

Ujumbe ukaingia.

"Asalaam aleikum dada. Huo msahafu ni wa baba yangu."

Aliitwa Hafidha, anaishi Ujiji. Baba yake, Mzee Msabaha, alisomesha chuo cha Kurani hapa kwetu mpaka uzee ukamshika, binti akaja kumchukua. Msahafu ukasahaulika. Sasa mzee alikuwa mahututi.

"Anapapasa mto, anauliza uko wapi. Nataka aushike kabla hajaondoka. Niambie hadiya yake."

Msahafu kwetu hautajiwi bei, hutajwa hadiya.

"Hadiya yake ni umfikie mwenyewe," nikamjibu. "Wewe gharamia kutuma tu."

"Nitumie kwa basi, dada."

"Basi ghali, mdogo wangu. Posta kuna punguzo la vitabu. Nimelisoma mwenyewe."

"Haya, wewe ndiye mjuzi."

Mama alikuwa akisikiliza. Akauliza neno moja tu.

"Amefikia sakarati ya mauti?"

"Yu karibu, mama."

Akainuka, akaingia chumbani kwake.

Niliutia msahafu kwenye mfuko wake wa kitambaa cha kijani, nikauacha mezani, nikaenda kuswali Alasiri. Niliporudi nikautia kwenye boksi pamoja na mfuko wake, nikalifunga kwa kamba inayofunguka, kama tangazo lilivyotaka, ili wakague.

Kaunta nilimkuta kijana anaitwa Haidar. Akafungua boksi, akauona ule mfuko. Mkono ukarudi nyuma kama umegusa moto.

"Mama, msahafu huu?"

"Ndiyo mwanangu."

"Sina udhu. Nisiuguse."

Akafunga boksi, akagonga muhuri wa punguzo. Simlaumu. Ningekuwa yeye, ningefanya vilevile.

Mzigo ukaondoka. Nikaswali rakaa mbili za kushukuru.

Kisha Hafidha akaandika.

"Dada, nimepata ujumbe kwa namba nisiyoijua. Wanasema mzigo umefika Kigoma, lakini si kitabu tu, nilipe tofauti ndipo wautoe. Baba amezidiwa. Nilipe?"

Nikacheka, Mungu anisamehe.

"Hao matapeli hao! Usitume hata senti, utapigwa. Kitabu hakina tofauti."

"Una hakika hamna kitu kingine humo?"

"Wallahi, Hafidha. Ndani mna kitabu peke yake."

Mama sikumweleza, nikaenda mpaka kwa Haidar. Naye akashangaa.

"Mama, mzigo nimeupokea mimi. Ni kitabu. Wamekosea hao, naandika sasa hivi wautoe."

Akaandika. Tukasubiri jibu. Kila sijda niliirefusha, nikimtaja mzee kwa jina. Niliona sisi tuna haki, na mwenye haki Mungu hamtupi.

Ijumaa, baada ya Alfajiri, Hafidha akatuma sauti. Ilikuwa fupi.

"Baba ametangulia."

Kifurushi kilirudi baada ya hitima. Nilikileta nyumbani nimekikumbatia. Mama alikuwa anakoroga unga wa vitumbua. Alipokiona, akaifuta mikono kwenye kanga.

"Kimerudi? Sasa aliyanywaje?"

"Aliyanywaje nini, mama?"

Akanitazama. Nami nikamtazama.

"Maji," akasema.

Nikaufungua mfuko wa kijani. Kati ya kitambaa na msahafu palikuwa na kichupa cha marashi, mdomo umezungushiwa uzi mwekundu.

Nilikijua. Mjomba alikileta kutoka Hija, kimejaa maji ya zamzam. Mama alikihifadhi sandukuni pamoja na sanda yake. Alishatuusia: saa yake ikifika, tumdondoshee midomoni.

Alimpa mzee asiyemjua maji yake mwenyewe ya kufia.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Sadaka ya siri, mwanangu. Mkono wa kushoto usijue." Akaushika tena mwiko. "Nilijua unasafirisha msahafu. Sikujua kama msahafu nao una sheria za kupandia gari."

Nilimpigia Hafidha nikamweleza yote.

"Siku ya mwisho aliacha kuuliza msahafu," akasema. "Akawa anaomba maji tu. Tukampa ya bomba."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Ungeniambia nilipe, ningelipa, dada."

"Nitautuma kwa basi. Leo hii."

"Umfikie nani?"

Akakata.

Nilimwendea sheikh kuulizia kiapo changu. Akaniambia kiapo cha asiyejua hakina kafara. Nimefunga hata hivyo. Nimeomba, nimelia, nimeomba tena. Wepesi sijauona.

Kichupa mama amekikataa. "Nilishakitoa kwa ajili ya Mungu. Hakirudi sandukuni." Kiko juu ya kabati. Simwezi mama, na kukimwaga siwezi.

Jana jirani yetu Indira, mwenye duka la vitambaa, alikuja na bakuli lake. Mama akamtilia vitumbua alivyonunua, akaacha hapo. Indira akasubiri, anatabasamu, kama siku zote.

"Bi Swaumu, na cha baraka?"

Mama akafunika sufuria.

"Ulivyonunua ndivyo hivyo, mwanangu."

Indira akaniangalia mimi. Nikainama nikajidai nafagia.

Ndugu zangu mnaouza mtandaoni, mkitaka bei ya kitabu, kitabu kisafiri peke yake. Hilo ni dogo, mtalikuta kwenye tangazo lolote.

Kubwa ni hili. Ukijaliwa kusoma katika nyumba ya wasiosoma, soma kwa sauti. Mimi tangazo nililisoma lote, nikawasomea wenzangu wakacheka, kisha nikarudi nyumbani nikanyamaza mbele ya mtu pekee aliyekuwa na cha kutoa.