Wiki Yangu ya Zamu Ndani ya Kompyuta

Mkuu wetu wa shule alikuwa mtu wa kupenda kuonekana. Mwaka ule wa tisini na kitu, mtaalamu kutoka Dar alipokuja Mpanda kufukia kifaa cha kunasa matetemeko ya ardhi nyuma ya bweni letu, alituomba jambo moja tu: pale pawe kimya. Mkuu akaitikia vizuri, kisha akaamuru mchakamchaka wa kila alfajiri, unaosimamiwa na mwalimu wa zamu, uzunguke palepale, ili Dar waone shule ina nidhamu. Mimi, mwalimu wa fizikia, nikanyamaza. Mtaalamu alishaniahidi nafasi ya mafunzo ya kompyuta, na bila barua ya ruhusa ya mkuu nisingekwenda popote. Jamani, niliitaka ile nafasi kuliko chakula.

Miezi miwili baadaye mtaalamu akarudi na kompyuta ya kubeba. Tukiwa ofisini kwa mkuu, akanionyesha programu aliyoiandika kwa Python, lugha ya kompyuta: inafungua faili lililojaa namba tupu, inachora mstari wa siku nzima. Ardhi ikitikisika, mstari unaruka.

Nikabonyeza. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, mstari ukaruka. Kesho yake hivyo hivyo. Jumapili, shwari.

"Ajabu," mtaalamu akasema. "Matetemeko ya huku nayo yanaenda kanisani?"

"Hao ni vijana wangu!" Mkuu akapiga meza kwa furaha. "Soma, Mwalimu, soma!"

Kichwa kikanivimba. Nikasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Nilipofika wiki ya tatu nikatangaza, "Hapa kimya kabisa, Jumatatu mpaka Jumamosi!"

"Safi!" mtaalamu akasema. "Wiki pekee ambayo haikuharibiwa."

Mkuu alivuta kitabu cha zamu, akafunua, naye akasoma kwa sauti, taratibu: "Mchakamchaka umefanyika. Wanafunzi wote wamekimbia, wamechangamka." Siku sita, sahihi sita, zote zangu. Alfajiri zote zile nilikuwa kitandani, nimejifunika gubigubi.

"Lakini huyu ndiye peke yake aliyefuata maelekezo yangu," mtaalamu akanitetea.

Mkuu akafunika kalamu yake, akairudisha mfukoni. Barua yangu ya ruhusa ikabaki mezani bila sahihi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Alfajiri iliyofuata nilikimbia mbele kabisa, naimba kuwashinda wanafunzi. Kifaa kilikuwa kimeshang'olewa. Tulizunguka shimo.