Uso Nyuma ya Kitambaa

Nakumbuka asubuhi moja ya kupuliza salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, mwanangu. Usicheke. Najua niko kidato cha tatu na ndevu zenyewe za kutafuta, lakini mtu aliyepasuliwa tumbo akarudi ana ruhusa ya kumwita yeyote mwanangu, hata mwalimu wa zamu, mradi asisikie.

Taifodi ilinitoboa utumbo. Hospitali ya mjini wakanifungua, wakanishona. Niliporudi kijijini kwetu Kitaya, kila aliyekuja kunipa pole nilimfunulia kovu na kumpa hadithi yake: huyu nilimwambia ni mamba wa mto Ruvuma, yule nilimwambia mama alikuwa anatafuta kijiko kilichopotea. Watu walicheka mpaka uji ukapoa. Mama akasema, "Huyu kapona." Nikaacha aamini. Sikumwambia kwamba nikilala chali moyo unakimbia, wala kwamba siku ya kurudi kwa daktari nimeiacha ipite makusudi, na huku pembeni ya kovu pameanza kutoa usaha.

Basi asubuhi hiyo tulikwenda kwenye mikorosho ya mjomba, mimi na binamu zangu, umande haujakauka, maana salfa hushika vizuri jani likiwa bado na unyevu. Mimi kubeba mashine ya kupulizia nilikatazwa. Nikatandika kanga, usingizi ukanichukua. Mjomba akaja kuniamsha nihame, vumbi lisinifikie. Alikuwa amejifunga kitambaa puani na mdomoni, kama wapulizaji wote, yanaonekana macho tu. Akainama juu yangu, akanishika bega.

Mwanangu, sikumwona mjomba. Niliona ile taa kubwa ya chumba cha upasuaji, niliona wale watu wenye macho bila midomo. Nikapiga kelele, nikamng'ata mkono, nikajikojolea. Suruali nzima, mbele ya binamu zangu, na mmoja wao msichana.

"Leo mamba kamrudia," mmoja akasema, wakaangua kicheko.

Mjomba akawatazama tu, wakarudi kwenye mashine. Akashusha kitambaa, akakaa chini kwenye vumbi.

"Nilikuwa nakutania, mjomba," nikasema, meno yanagongana.

"Utani gani huo wa kulowesha suruali? Umeanza lini?"

"Tangu hospitali."

"Mama yako anajua?"

Nikainamisha kichwa.

"Tumbo umewaonyesha Kitaya nzima, mpwa wangu. Hili la kutetemeka ndilo ungetuonyesha. Unatuchekesha wote ili nani asikuulize?"

 Akafunga kitambaa polepole mbele yangu. "Bado ni mimi?" Nikaitikia kwamba bado ni yeye. Akakifungua, akakifunga tena, mpaka nikaweza kumtazama bila kushika majani. Halafu akanipa kikoi chake nijistiri, tukaenda kwa mama. Nilimweleza mwenyewe, na usaha nikauonyesha, macho yangu kwenye miguu yake muda wote.

Kesho yake tukawa hospitali. Daktari alipoingia amejifunika uso, miguu yangu ikaanza kutafuta mlango. Mjomba akasema, "Samahani, daktari, mwonyeshe uso kwanza." Daktari akaishusha barakoa. Alikuwa na pengo kama la bibi yangu. Akaniosha kidonda, nami nimeushika mkono wa mjomba, ule ule, alama za meno yangu zikiwa bado juu yake.

Kwa hiyo, mwanangu, ukitoka hospitali ukaona mwili umerudi nyumbani ila moyo umebaki na hofu kule kwenye meza ya upasuaji, usiifunike kwa vichekesho kama mimi. Mtafute mtu mmoja asiyecheka, umwambie. Ukihitaji kuona uso, omba uonyeshwe. Na siku ya daktari ikifika, nenda, hata kwa kushikwa mkono. Mimi bado nashtuka, na bado naona aibu nikipita mikorosho ile, hasa yule binamu wa kike akitabasamu. Lakini napita.

Mungu akujalie usingizi wa chali, mzito, na akuamshe ukiwa mkavu. Amina.