Mchungaji Mkude na Jina la Mke Wangu

Siku ya kwanza ya kazi yangu ya uinjilisti, Mchungaji Mkude alinipokea Mkuyuni akaniambia, "Shule huna, lakini miguu unayo. Utapanda Kinole." Mwinjilisti wakati wetu ndiye aliyeshika mtaa wa milimani: kuhubiri, kufundisha ubatizo, kuzika. Mchungaji alipanda kutoa meza ya Bwana.

Huyu ndiye mnayemwita mwanamageuzi. Kweli aligeuza. Aliondoa viti vya wakubwa, akawapa wanawake kusoma Neno. Akapiga marufuku kucheza mwali: binti akivunja ungo, asifungiwe ndani wala kupigiwa ngoma. Atakayekaidi anatengwa, yaani hapokei meza, na akifa kanisa halimziki.

Binti yetu alipovunja ungo, mjomba wake akamweka ndani. Uluguruni mtoto ni wa ukoo wa mama. Mimi baba sina sauti. Wazee wa kanisa, Kobero na Mloka, walilijua hilo, nao ni wajomba wa watu. Bado walishuka Mkuyuni kutushtaki kwa mchungaji.

"Mtenge mjomba," nilimwambia mchungaji.

"Mjomba Mwislamu, nimtenge na nini? Mkeo ndiye aliyepika pombe ya ngoma. Jumapili utasoma jina lake kanisani, kwamba ametengwa."

Nilikataa. Akasoma Kobero, kwa sauti ya mnadi wa gulioni.

Kisha mke wangu, Mama Tabu, akaugua. Niseme haki: mchungaji alipanda kila wiki, hata mvuani, akimletea uji.

"Mama Tabu, unaninenepea?"

"Ninenepe na nini, baba mchungaji, meza umenifungia?"

Alimshika mkono, akalia. Lakini hakumfungulia. "Nikikufungulia wewe kwa kuwa nakupenda," akasema, "wale wa Mikese niliowatenga nitawaambia nini?"

Akafa ametengwa. Nilimzika mwenyewe, nimevaa kanzu ya uinjilisti. Mchungaji alibeba jeneza, bila joho. Jumapili iliyofuata akanivua kazi. Ndiko kustaafu kwangu.

Sasa naye kafa, na kanisa jipya la Kinole linataka kupewa jina lake. Kobero kaja kuniomba nisimulie wema wake. Nimesimulia. Mchunga watu alikuwa. Uongozi ndio aliouendesha kama anayeuogopa moyo wake mwenyewe.

"Wewe uliyesoma kutengwa kwa mke wangu," nikamwambia Kobero, "soma na kurudishwa kwake kundini. Ndipo mpachike kibao cha jina la mchungaji."

"Mzee, marehemu harudishwi. Hakuna sheria hiyo."

"Ya mwali nayo haikuwepo. Mliitunga."

Kila Jumapili naketi benchi la mbele, namtazama Kobero usoni. Hajasoma bado. Wala mimi sihami.